Komeo la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza. Milimita 4, kwa mkebe na rula.

Daftari jipya, msimu mpya, kanuni ile ile: mvua kwanza, watu baadaye. Miaka kumi na miwili nilisoma kipimo cha mvua katika kituo cha hali ya hewa kule nilikotoka, saa tatu asubuhi bila kukosa. Miaka arobaini sasa ninausoma mkebe wa maziwa ya unga katika nyua za watu wengine. Huu wa sasa ni ua wa mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada. Amenipa chumba kinachotazama banda la gari.

Gari lenyewe halina budi kutajwa, maana nyumba nzima inalizunguka. Ni la spoti, la watu wawili, la zamani, jekundu lililopauka, lenye paa la kukunja. Lilikuwa la shemeji yangu. Mpwa amelifufua kwa miaka sita, nati kwa nati, na sasa limebaki paa tu.

Jumatano, 5 Machi
Milimita 11. Nimesoma kitabu cha gari, kile cha maelekezo kilichokuwa kabatini kwa shemeji. Kimeandikwa vizuri, na mwandishi hapendi maneno mengi.

Jumapili, 9 Machi
Milimita 7, zote kabla ya saa nne.

Fundi wa turubai amelirudisha gari likiwa na paa jipya jeusi. Watu wote wanamwita Sindano, hata wateja wanaomwogopa. Ni mama wa miaka hamsini hivi, mfupi, miwani yake imefungwa uzi unaopita nyuma ya shingo. Alilizunguka gari mara mbili kama mtu anayeagana na mtoto wa bweni.

"Mapaa kumi na mawili," mpwa alimwambia. Yeye ni katibu wa chama cha wenye magari ya zamani. "Wenzangu wakiliona hili, mkutano wa mwisho wa Aprili watakupa yote kumi na mawili. Utashona mpaka uchoke."

"Mimi nachoka nikikosa kazi," alisema Sindano. "Njoo nikuonyeshe kulikunja. Ukilikunja vibaya nitakujia na mkasi."

Akamwonyesha. Mimi nilibaki barazani. Kitabu kilikuwa magotini pangu, nikaona sina sababu ya kunyanyuka.

Alipoondoka mpwa akaniambia, "Mjomba, tafadhali, usiliguse mpaka niwepo."

"Nimekisoma kitabu chote."

"Najua umesoma, Mjomba. Ndiyo maana nakwambia."

Tukacheka wote wawili.

Jumanne, 11 Machi
Milimita 19. Goti linauma.

Ijumaa, 14 Machi
Milimita 0. Jua la kwanza kwa siku tano.

Fremu ya paa la gari imevunjika upande wa kushoto. Mpwa aliporudi kazini alilikuta paa limekaa upande kama kofia ya mlevi. Akaniuliza, "Mjomba, kumetokea nini hapa?" Nikamjibu sijui. Anasema turubai lilikatwa dogo na kubanwa mno, na lilipokaushwa na jua likavuta mpaka chuma kikashindwa. Huenda.

Jumamosi, 15 Machi
Milimita 2.

Mpwa alimpigia Sindano simu akiwa amesimama uani, sauti juu. "Mama, umebana! Nakwambia umebana! Chuma kimedumu miaka yote hiyo, wewe umekigusa wiki moja kimekatika!" Sikusikia upande wa pili. Kisha akawaandikia wenzake wa chama, wote, na kuwapelekea na picha. Mkewe alimwambia asubiri kwanza apoe. Hakusubiri.

Jumapili, 16 Machi
Milimita 8.

Nimesoma nilichoandika juzi. Kipimo cha mvua ni sahihi. Mengine ni uongo, na neno "huenda" ndilo uongo kuliko yote.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Ijumaa saa sita mchana nilikuwa peke yangu nyumbani. Jua lilikuwa limeingia bandani. Nilitaka kukaa ndani ya gari lile, paa likiwa wazi, robo saa tu. Shemeji aliwahi kunipakia hivyo mwaka wetu wa kwanza wa uhamishoni, tukapita mitaa ambayo hakuna aliyetujua, na kwa dakika kadhaa nilikuwa mtu mwenye safari, si mtu aliyefukuzwa.

Kitabu kinasema kuna wenzo mmoja mbele, juu ya kioo, na ukiuvuta makomeo yote mawili yanaachia kwa pamoja. Nilivuta wenzo niliouona, wa kulia. Ukatoa mlio mzuri. Nikafungua zipu ya dirisha la nyuma kama kitabu kinavyoagiza, nikasimama upande wa kulia, nikasukuma. Paa likagoma. Mtu mwingine angeinama atazame. Mimi nilikuwa nimesoma, nikasukuma kwa nguvu zaidi.

Sauti ilikuwa ndogo. Nilizunguka upande wa kushoto, nikakuta huko kuna wenzo mwingine peke yake, haujaguswa, na komeo lake limeng'ang'ania kioo. Mkono wa fremu ulikuwa umepinda kwenda nje, na kile kipande kinachouunganisha na mwili wa gari kimepasuka kwenye tundu la msumari wa ribiti. Nikalivuta paa likarudi mahali pake. Nikafunga zipu. Nikafunga komeo la kulia. Nikapangusa alama za vidole kwa leso.

Leso ndiyo inayonisumbua. Kuvunja ni bahati mbaya. Leso niliitoa mfukoni mwenyewe.

Na ile "sijui". Neno hilo limenivusha mipaka miwili na madawati ya maofisa nisiokumbuka idadi yao. Nani anakaa nyumba ile? Sijui. Nani aliandika barua hii? Sijui. Liliniokoa, likawaokoa na wengine. Ijumaa lilitoka kabla sijalitafuta, kwa mtu ninayekula mezani pake, kuhusu gari.

Kesho nitamwambia.

Jumatatu, 17 Machi
Milimita 22. Sikumwambia.

Jumanne, 18 Machi
Milimita 15, na radi.

Sindano alikuja mwenyewe, amelowa, na gari la kuvutia magari mabovu. Hakusalimia.

"Nalichukua," alimwambia mpwa. "Nalitengeneza bure, fremu na turubai. Lakini sitaki kesho uniambie nimeficha kitu. Nipe shahidi. Mtu wa nyumba hii aje akae karakanani, aone kila nati ninayoifungua."

"Mimi niko kazini."

"Basi mkeo."

"Na yeye yuko kazini." Mpwa akageuka. "Mjomba yupo. Mjomba hana kazi, na ni mtu wa haki. Akisema kitu, kimekwisha."

Sindano akanitazama kwa mara ya kwanza. "Babu, macho yanaona?"

"Yanaona."

"Haya, panda."

Nilipanda. Ningeweza kusema pale pale, watu watatu tu, mvua ikipiga mabati kiasi kwamba ningelazimika kulisema mara mbili. Nilipanda, nikafunga mkanda.

Alhamisi, 20 Machi
Milimita 9.

Karakana ya Sindano ni chumba kimoja kirefu: cherehani mbili nzito, meza ya kukatia, viti vya magari vilivyopangwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Ananiita Shahidi. "Shahidi, shika hapa. Shahidi, usiegemee hiyo, ina gundi." Mchomeleaji wa jirani, bwana mnene mwenye aproni ya ngozi, ameshalidaka jina.

Leo turubai limetoka lote. Fremu tupu imesimama kwenye meza: mbavu tatu za chuma na mikono miwili inayokunjana kama mkasi.

Ijumaa, 21 Machi
Milimita 3.

Jumanne, 25 Machi
Milimita 31. Mfereji umefurika. Nilikwenda hata hivyo.

Alhamisi, 27 Machi
Milimita 6.

Sindano alikiweka kile kipande kilichopasuka chini ya taa, akanipa miwani yake juu ya yangu. "Niambie unaona nini."

"Ufa."

"Rangi gani?"

"Mweupe. Unang'aa."

"Chuma kilichochoka huwa na kutu ndani ya ufa, maana kimekuwa kikipasuka kidogo kidogo. Hiki kimepasuka mara moja, siku moja. Sasa tazama mkono. Turubai likibana linavuta kwenda ndani. Huu umepinda kwenda nje. Mtu alisukuma kutoka upande wa kulia huku kushoto kumefungwa." Akavua miwani yake usoni pangu. "Na namjua."

Niliinamia ufa tena, kwa miwani yangu pekee.

"Ni mpwa wako," alisema. "Alitaka kujaribu, akavunja, akaona haya. Wanaume wa chama kile hawawezi kukubali kushindwa na komeo. Umeona mwenyewe, Shahidi. Utasema siku ikifika?"

Nikasema nitasema kile ninachokijua. Alinishukuru. Alinimiminia chai, akaniwekea sukari bila kuniuliza, kwa sababu siku kumi zilikuwa zimetosha kujua ninavyoinywa.

Sasa kuna watu wawili wanaobeba mzigo wangu, na kila mmoja anadhani ni wa mwenziwe.

Jumatatu, 31 Machi
Jumla ya mwezi milimita 168. Sijawahi kuandika kipimo cha uongo, hata mwaka ule mkuu wa wilaya alipotaka ukame upungue kwenye karatasi. Nilikuwa nikijivunia jambo hilo.

Jumatano, 2 Aprili
Milimita 12.

Kipande kile hakipatikani popote, gari ni la zamani mno. Mchomeleaji atakata kingine kwenye bamba la chuma. Nilikitumia cha upande wa kulia kuchora mfano, nikageuza mchoro, nikapima tundu kwa tundu. Kisha nikapima mikono yote miwili na kuona wa kushoto umefupika milimita tisa kwa sababu ya kupinda.

"Tisa?" alisema mchomeleaji. "Babu, mimi hapa nasema kama kidole hivi."

"Kidole chako au chake?" akauliza Sindano. "Maana chako ni vidole vyangu viwili."

Walicheka, na mimi nikacheka. Kisha akamwambia, mbele yangu, "Msikilize Shahidi. Huyu hakosei."

Ijumaa, 4 Aprili
Milimita 17. Mkono umebanwa kwenye jiliwa na kupashwa moto mpaka ukawa mwekundu. Sindano anaunyoosha taratibu, mimi nimeshika rula ya chuma. Saba. Tano. Tano. Mbili. Ulipofika sifuri mchomeleaji akazima moto.

Sijafurahi hivi kwa miaka mingi. Naandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ni aibu.

Jumanne, 8 Aprili
Milimita 4.

Alhamisi, 10 Aprili
Milimita 26.

Alikuja mwanachama mmoja wa chama, bwana wa koti safi, kuchukua viti vyake. Kiti kimoja kilikuwa kimekwisha kushonwa, cha pili bado kiko uchi, sponji nje.

"Si kwamba sikuamini, mama," alisema. "Ni vile nasikia mkono wako siku hizi unabana."

Sindano alimfungia viti kwenye nailoni ili visilowe, akafunga fundo, akakata uzi. Alipoondoka akakaa kwenye cherehani na kushona mstari mmoja kwenye kipande cha turubai kisicho cha mtu yeyote. Akautazama. Akaufumua.

Mimi nilikuwa nimeshika kopo la grisi. Nililishika mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Jumatatu, 14 Aprili
Milimita 10. Nimekata shauri kumwambia mpwa Jumapili, akiwa hana haraka.

Jumapili, 20 Aprili
Milimita 0. Alikuwa na haraka.

Jumatatu, 21 Aprili
Milimita 5.

Nimemwambia. Alikuwa akivua viatu mlangoni. Nilimwambia yote: kitabu, wenzo, kusukuma. Leso pia. Alibaki ameshika kiatu kimoja.

"Ni wewe, Mjomba?"

"Ni mimi."

Akakiweka kiatu chini vizuri, sambamba na mwenzake. "Tuache hivyo hivyo."

"Tuache vipi?"

"Nimeshawaandikia watu wote. Niseme nini sasa? Niseme mjomba wangu, mtu aliyenilea baba alipokuwa hospitali, amevunja kitu akanidanganya machoni? Watu watamcheka nani? Si wewe, ni mimi niliyekuanika. Fundi atapata kazi nyingine. Paa limetengenezwa. Mjomba, nakuomba. Tuache."

Nikamwambia sawa.

Naandika polepole hapa. Nilipomwambia sawa, nilihisi nafuu. Nilikula vizuri. Mkewe akaniuliza kama niongezwe, nikaongezwa. Nilidhani nimekiri, kumbe nimemwongeza mtu mmoja tu wa kunyamaza nami, na nimemfanya mtoto wa dada yangu awe mwongo kwa heshima yangu. Wiki zote hizi nilikuwa nikimwona mtu wa hasira za haraka. Hasira yake ilikuwa ya kweli angalau, alisema alichoamini.

Alhamisi, 24 Aprili
Milimita 14.

Fremu imekamilika. Ribiti mpya zimegongwa, bawaba zimetiwa grisi, tumeikunja na kuifungua mara ishirini, inakwenda bila kulalamika. Nilipofika asubuhi nilitarajia kumkuta Sindano akilivika turubai. Nilimkuta amelitandaza mezani, amefumua upindo wote wa mbele, na amelilaza juu ya karatasi zake za vipimo.

"Nimepima mara tatu," alisema bila kugeuka. "Jana nilipata sawa, leo asubuhi nimepata sawa. Lakini labda nilipima vibaya tangu mwanzo. Mkono unaweza kudanganya ukizoea. Mama yangu alishona mpaka siku moja akaanza kukata vibaya, na yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua."

"Ufa ulikuwa mweupe," nikasema. "Ulinionyesha mwenyewe."

"Nilitaka uwe mweupe. Mtu anayetafuta sababu huiona." Alivua miwani akafuta macho, si kwa kulia, kwa uchovu. "Jumapili chama kinakutana. Nitakwenda niseme, ni kweli, nilibana. Nitaomba radhi. Labda watanipa hata mawili matatu. Utanisindikiza, Shahidi? Ukiwepo hawatanipigia kelele."

Nilimtazama akivuta futi ya kushonea kwenye ukingo wa turubai mara ya nne. Nimeona watu wakipoteza nyumba, na nchi. Sikuwahi kuona mtu akipoteza imani na vidole vyake mwenyewe, nami ndiye ninayevichukua.

"Hukubana," nilisema.

"Umejuaje?"

"Ni mimi niliyevunja. Si mpwa. Mimi, Ijumaa ile, saa sita mchana. Nilifungua komeo la kulia peke yake nikasukuma."

Futi ikabaki mikononi mwake.

"Siku ile nilipokuja kuomba shahidi," alisema, "ulikuwa umesimama pale mlangoni."

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Ukapanda gari nami."

"Nikapanda."

"Na chai yangu ukanywa."

"Nikanywa."

Aliikunja futi, taratibu, akaitia mfukoni. Nilingoja anitukane. Ulimi wake naujua, ningeupokea kama dawa. Badala yake akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na mgeni, "Nenda nyumbani, mzee. Barabara inateleza." Hakusema babu, wala Shahidi.

Mchomeleaji aliniuliza mlangoni mbona mapema leo. Nikajitia sikusikia.

Ijumaa, 25 Aprili
Milimita 3. Nimemwambia mpwa kwamba Jumapili nitasema mbele ya chama. Mkewe alimwambia, "Mwache aseme. Huoni tangu jana hajala?"

Jumapili, 27 Aprili
Mvua sikupima. Sijawahi kuandika sentensi hiyo.

Chama kilikutana kwenye uwanja wa shule, magari yamepangwa mistari miwili, vioo vinang'aa kwa unyevu. Sindano alileta gari letu mwenyewe, turubai limevikwa, akaliegesha mwisho wa mstari akasimama kando yake mikono nyuma. Mwenyekiti ni dereva wa malori mstaafu, mtu wa tumbo na kicheko. Jambo la paa lilipofika, nikaomba nafasi. Wakanipa kiti. Nikasema sitakaa.

Niliwaambia ni mimi niliyevunja fremu, na fundi hana kosa.

Ukatoka mnong'ono wa upole ambao sikuutarajia. Bwana wa koti safi akasema, "Mzee wetu ana moyo. Amekaa na yule mama wiki tano, amemwonea huruma." Wengine wakatikisa vichwa. Mwenyekiti akanishika bega. "Tunakuheshimu, mzee. Lakini usijitwishe makosa ya watu."

Nilisimama pale na mvi zangu, nikaona zinanishuhudia uongo. Nilikuwa nimejiandaa kuaibika. Sikuwa nimejiandaa kusifiwa.

"Nilivuta wenzo wa kulia," nikasema kwa nguvu. "Nikaacha wa kushoto."

"Kwa nini uuache, mzee? Hata mtoto anaona ziko mbili," alisema mmoja wao.

"Sikutazama. Kitabu kinasema upo mmoja, na ukiuvuta unaachia makomeo yote mawili."

Mwenyekiti akaondoa mkono begani pangu. "Kitabu gani hicho?"

Nikamweleza: jalada la kijani, mchoro wa paa ukurasa wa arobaini na moja, hatua kumi na moja. Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayesikia wimbo alioucheza zamani.

"Lakini mzee," alisema, "kitabu hicho si cha gari hili! Ni cha lile lililofuata, lenye wenzo wa katikati! Shemeji yako alikuwa nayo yote mawili, moja akaliuza!" Akawageukia wenzake. "Jamani, hili hakulitunga. Haliwezi kutungwa. Mzee amelikunja gari hili kwa kitabu cha gari jingine!"

Kicheko kilianzia kwake kikaenda mpaka mwisho wa mstari. Watu walishika magoti. Mmoja alisema, "Na hatua zote kumi na moja!" Mwingine akaniita Mzee Ukurasa, na naona jina hilo litanizika. Nilisimama katikati ya kicheko kile masikio yakiwaka, nikaelewa kwamba kila anayecheka amekwisha kuamini.

Sindano hakucheka.

Kilipopungua, mpwa alisimama. Sikumtuma. "Mimi nimejua tangu Jumatatu," alisema, sauti yake ikikwama. "Nikamwambia anyamaze. Niliwaandikia kwamba mama huyu alibana. Hakubana. Nitawaandikia tena leo." Akakaa. Hakunitazama, wala mimi sikustahili kutazamwa.

Wakapiga kura ya mikono: nani atampa fundi paa lake. Mapaa kumi na moja. Bwana wa koti safi hakuinua mkono wake, ila aliutoa mfukoni.

Alhamisi, 1 Mei
Aprili sina jumla, kwa sababu ya ile siku moja. Nimeacha nafasi wazi.

Ijumaa, 2 Mei
Milimita 2.

Mpwa alipitia karakanani kuomba radhi. Amerudi na ujumbe: "Anasema maneno ya uwanjani yanabebwa na upepo. Anataka uandike, utie sahihi, abandike ukutani."

Niliandika karatasi moja kwa mwandiko wangu wa kituoni: tarehe, saa, wenzo, ufa. Nikampelekea. Aliisoma amesimama, akanirudishia.

"Haijakamilika."

"Imebaki nini, fundi?"

"Paa ulilivunja kwa dakika moja, na hiyo umeiandika vizuri sana. Ziko wapi siku arobaini na moja?"

Hakuwa amekosea kuhesabu. Niliomba kalamu. Niliandika, nimeinamia meza yake ya kukatia, kwamba kuanzia tarehe 14 Machi hadi 24 Aprili nilijua na nikanyamaza. Kwamba nilikaa karakanani humu kama shahidi. Kwamba nilimwona fundi akianza kuamini kosa lisilo lake. Kalamu ilikuwa inakwama kwenye karatasi yenye chaki. Alisoma tena. Akachukua pini nne.

Alhamisi, 8 Mei
Milimita 1, na naona ndiyo ya mwisho.

Nilikwenda karakanani kurudisha rula ya chuma, iliyokuwa imebaki kwenye mfuko wa koti langu. Magari matatu yalikuwa nje, mawili bila paa. Sindano alikuwa kwenye cherehani, mdomoni pini. Aliinua kidevu kidogo, nikachukulia ni salamu. Nikasimama karibu na mlango, sikujua niiweke wapi ile rula.

Mteja mmoja, kijana wa suti, alikuwa akingoja huku akisoma karatasi yangu ukutani. Aliisoma yote, midomo ikicheza. Akapiga mluzi.

"Huyu mzee, mama! Siku arobaini na moja! Aliishia wapi?"

Sindano alisimamisha cherehani. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kijimto cha pini kilicho mkononi mwake.

"Si huyo hapo nyuma yako. Muulize mwenyewe."

Kijana aligeuka. Alinitazama kuanzia viatu.

"Ni mimi," nikasema.

Aliona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyeandika. "Na sasa… umekuja kufanya kazi hapa, mzee, au?"

Nilimtazama Sindano. Yeye alikuwa amekwisha kuinamia turubai tena, analinganisha pindo kwa kidole gumba, bila futi.

"Bado sijaamua," alimwambia kijana, akakanyaga cherehani.